Mama Nusu wa Gikomba

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa sita, mwaka wa 1988, saa nne za asubuhi. Nilikuwa kazini, karani katika kiwanda cha sabuni hapa Baba Dogo, Nairobi, nikijumlisha kadi za wafanyakazi. Askari wa lango alikuja mwenyewe mpaka mezani kwangu, ingawa siku zote huniita kwa kupiga kelele kutoka huko huko getini, akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu wangu nje. Nilimkuta shemeji Javan amesimama kando ya ukuta. Vifungo vya shati lake vilikuwa vimepishana tundu moja.

"Shemeji," akasema, "dada yako ametuacha. Saa moja na nusu. Nilikuwa nimemshika mkono."

Nikamuuliza kama dada alikuwa amekunywa uji. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Alikunywa kidogo. Akasema hauna sukari."

Tukaomba pale pale ukutani, sala fupi, na yule askari akazima redio yake mpaka tulipomaliza.

Dada alikuwa amelazwa hospitali Jumatatu kwa presha. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Ndugu wa kanisa wameniomba niandike maisha yake, nami nimeona nikijaribu kuandika yote nitashindwa. Nitaandika jambo moja tu, lile alilopenda kulisimulia yeye mwenyewe, hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

Beldina Nabwire alikuwa kifungua mimba kwetu na mimi ni kitinda mimba. Mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka tisa, naye akanitoa Bungoma, akanileta katika chumba chake na Javan hapa Baba Dogo, pazia katikati. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Akiulizwa mimi ni nani alijibu, "Huyu ni mtoto wangu, ila alizaliwa na mama yangu," na watu wakabaki wakihesabu vidole.

Alikuwa fundi wa sare za shule katika soko la Gikomba. Alimpima mtoto kwa macho tu kabla ya kushika tepu, na mara nyingi tepu ilikuja kumkubalia. Aliacha pindo refu ndani ya kila kaptura bila kuombwa, kwa sababu alijua mzazi hatanunua nyingine mwaka ujao. Akikanyaga cherehani aliimba nyimbo za kanisa, na kadiri mshono ulivyokuwa mrefu ndivyo wimbo ulivyokwenda mbio. Kunyamaza hakukuweza. Mungu alimnyima kipaji hicho kimoja akampa vingine vyote.

Kitambaa alikichukua kwa mkopo kwa mzee Abdiqadir, mwenye duka la jumla Eastleigh. Mambo yalikwenda kwa kuaminiana. Unachukua majora ya kitambaa Novemba, unashona Desemba, unauza shule zikifunguliwa Januari, unalipa Februari. Jina lako linaandikwa katika daftari lake kubwa, ukurasa wako mwenyewe, basi.

Desemba 1981 moto ulipita upande wetu wa Gikomba. Javan na mvuta mkokoteni mmoja waliwahi kuokoa cherehani zetu mbili. Kitambaa chote kiliungua, na sare zilizokuwa tayari pia. Dada akabaki na deni la shilingi elfu tatu na mia sita, na hakuwa na kipande cha kuuza.

Wengine walioungua siku ile walibadilisha njia wasionekane Eastleigh. Yeye alikwenda kwa Abdiqadir kila mwisho wa mwezi, mikono mitupu, akasimama mlangoni akasema, "Mzee, nimekuja uone sijatoroka." Halafu akarudi nyumbani.

Aprili 1982, nikiwa likizo ya kidato cha pili, alinichukua twende pamoja. Alikuwa na bahasha ndani ya gauni. Mzee Abdiqadir alikuwa mtu mrefu, ndevu zake zimetiwa hina, na aliketi nyuma ya meza akiwa na birika la chai pembeni.

"Mzee," dada akasema, "nimeleta elfu moja na mia nane. Nimeuza cherehani moja. Nyingine siwezi kuuza, ndiyo inayotulisha. Nikikuahidi zilizobaki nitakuwa nakudanganya. Naomba unipunguzie, tumalize."

Mzee akauliza, "Umeuza ipi?"

"Ile mpya."

"Ungeuza ile kuukuu, mama."

"Ile kuukuu hakuna anayeitaka, mzee. Hata mimi naitumia kwa sababu tumezoeana."

Akacheka kidogo. Akahesabu noti mara mbili, akavuta daftari, akaandika. Kisha akaweka kalamu chini. "Nusu nimepokea. Nusu nimekuachia kwa ajili ya Mungu. Deni limekwisha, sitakudai tena. Lakini sikiliza. Neno hili libaki hapa dukani, kwangu na kwako na huyu binti."

Dada alimshukuru mpaka mzee akaona haya. Njiani alikuwa akifuta machozi na kucheka kwa pamoja. Yale maneno ya mwisho aliyasikia, lakini alidhani ni unyenyekevu wa mzee, kama mtu anayekupa zawadi akasema ni kitu kidogo tu.

Ndipo likaja kosa lake. Katika kanisa letu Jumapili kuna wakati wa ushuhuda, na mtu aliyetendewa jema akalifungia moyoni huonekana kama amemwibia Mungu sifa zake. Dada hangeweza kulala na deni hilo lingine. Jumapili ile Javan alikuwa zamu kiwandani, kwa hiyo hakukuwa na wa kumvuta gauni. Akasimama. Akaeleza moto, akaeleza cherehani, akataja elfu tatu na mia sita na elfu moja na mia nane, akataja duka, akataja barabara lilipo, hata rangi ya ndevu. Watu wakaitikia amina mpaka mabati yakalia. Mimi niliketi karibu naye nikiangalia viatu vyangu. Nilikumbuka kauli ya mzee, lakini nilikuwa mtoto, na kanisa zima lilikuwa limefurahi.

Jumatatu asubuhi mafundi watatu wa kanisa letu walikuwa mlangoni kwa Abdiqadir kabla hajafungua, wa kwanza wao Nduta, jirani yetu wa kibanda. Wote walikuwa na madeni kwake, na wote walitaka wapunguziwe kama Nabwire. Kufika Jumatano walikuwa kumi na mmoja, na wengine wao hawakuwa wameungua hata uzi.

Mzee akatuma mtu amwite dada. Hakumkaripia. Dada alisema heri angemkaripia.

"Mama, mimi nilisamehe mtu mmoja. Wewe umenisamehesha Gikomba nzima."

"Nilimshukuru Mungu, mzee."

"Mungu alisikia hapa hapa dukani. Hakukuwa na haja ya kumpelekea mbali."

Tangu siku ile mpaka mwisho wa mwaka hakumpa mtu kitambaa bila pesa taslimu. Mafundi wakakasirika, na hasira yao ikampata dada. Nduta ndiye aliyemtungia jina la Mama Nusu. "Mama Nusu, leo sukuma wiki fungu ni shilingi. Wewe utatoa senti hamsini?" Na dada, ambaye hakuwahi kukosa jibu, akawa anainamia mshono wake.

Nyumbani Javan alimwambia, "Beldina, siku nyingine Mungu akikutendea jema, niambie mimi kwanza."

"Wewe ungeniambia ninyamaze."

"Ndiyo maana."

Jina la utani lilimuuma, lakini kilichomtia hofu kilikuja Novemba. Karo yangu ya kidato cha tatu ilitegemea sare za Januari. Abdiqadir alikuwa amefunga mkono, kwa hiyo dada alikwenda maduka mengine. Wenye maduka ya jumla walikuwa na desturi yao. Kabla ya kumkopesha mtu mgeni, waliandika jina lake kwenye kikaratasi, wakampa kijana akimbie kwa yule aliyemkopesha kwanza. Jibu lilirudi kwenye kikaratasi hicho hicho, na kwa kawaida lilikuwa neno moja. Kamili, maana yake alilipa yote. Hapana, maana yake alitoroka.

Duka la kwanza lilikuwa la mama mmoja anayeitwa Shamis, mnene, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliagiza chai tukanywa tukingoja. Kikaratasi kiliporudi alikisoma, akakigeuza, akakisoma tena.

"Nusu," akasema. "Hili jibu sijawahi kuliona. Mama, ndiwe yule wa kanisani?"

"Ni mimi."

"Maliza chai yako. Chai si mkopo. Lakini hapa nauza jora zima na nalipwa jora zima."

Maduka mengine matatu yalituma kikaratasi, na jibu likawa lile lile. Jioni dada hakuimba. Alikaa kitandani na viatu vyake bado miguuni, akasema, "Nilifikiri limekwisha. Deni limekwisha, na bado linatembea."

Wiki iliyofuata Javan alimpa shilingi mia tatu, akiba yake yote. Tukarudi kwa Abdiqadir. Dada akaziweka mezani.

"Mzee, naanza kukurudishia ile nusu. Nitaleta kidogo kidogo mpaka iishe. Ukiulizwa, useme nimelipa."

Mzee akazisukuma zikarudi upande wa dada. "Siwezi kupokea. Nilikwisha kusamehe kwa ajili ya Mungu. Nikichukua, mimi nimepoteza thawabu, na wewe umepoteza pesa."

"Basi futa hiyo nusu. Andika kamili."

"Niandike uongo? Wewe mtu wa kanisa ndiwe unaniambia niandike uongo?"

Dada akafungua mdomo, akaufunga. Mimi nilikuwa sijawahi kuliona jambo hilo. Kisha akaanza kucheka, na mzee naye, mpaka karani wake akatoka stoo kutazama.

"Nimekosa, mzee," dada akasema akijifuta macho. "Nisamehe na hilo."

"Hilo nalo usilitangaze."

"Sitalitangaza. Lakini nifanye nini? Mtoto huyu atakaa nyumbani."

Mzee akafikiri. Akavuta daftari, akapita ukurasa wa dada, akafungua mwingine mtupu, akaandika jina lake juu. Akamweleza hivi: zile mia tatu ziwekwe kwake kama dhamana. Atampa jora moja la thamani hiyo hiyo, alilipe kwa siku thelathini. Akilipa, anapewa lingine. Ukurasa wa zamani hataugusa. "Wakiniuliza nitawaambia yote mawili. Nusu mara moja, kamili mara kadhaa. Hizo kadhaa ni kazi yako."

Jora moja halitoshi sare za Januari. Dada alilishona kwa siku tisa, akauza, akalipa siku ya ishirini na mbili. Karo haikutimia. Shule zilipofunguliwa mwaka wa 1983 nilikaa nyumbani wiki tatu nikishona vifungo pembeni mwake, na kila asubuhi aliniomba msamaha kabla ya kuniombea. Nilimwambia hakuna haja. Alisema, "Nilikuwa na furaha, nikaitumia yote siku moja." Jora la pili ndilo lililonirudisha shuleni.

Basi akaendelea hivyo, jora baada ya jora. Mwezi mmoja aliugua, akanituma mimi na pesa siku ya ishirini na tisa, akaniamuru niende kwa miguu kama basi likichelewa. Nduta alimdhihaki kwamba analipa kama anafukuzwa. Lakini Nduta huyo huyo, mtoto wake alipovunjika mguu, dada ndiye aliyekaa kibandani kwake siku nne akishona kazi yake ili wateja wasihame. Hawakuzungumza habari ya jina la utani. Liliendelea tu, ila likaanza kutamkwa kwa upole, mpaka wateja wapya wakadhani anaitwa hivyo kwa sababu ya ufupi wake.

Mwaka wa 1986 shule mbili za mtaa wa Lucky Summer zilimpa kazi ya watoto mia moja na arobaini. Alihitaji majora sita kwa mpigo, na Abdiqadir hakuwa na rangi ile. Akarudi kwa Shamis, miaka minne baada ya ile chai. Nilikuwa nimemaliza shule nikampeleka, maana aliogopa. Kikaratasi kilikwenda, kikarudi. Shamis akapandisha miwani.

"Nusu moja," akasoma polepole. "Kamili kumi na tisa." Akamtazama dada. "Hizi kumi na tisa nazielewa. Hiyo nusu ni ya nini? Mwambie mzee aiache, inachafua karatasi."

"Aiache vipi? Ni yangu," dada akasema. "Niliunguliwa na moto, mzee akaniachia. Akaniambia nisiseme, nikasema."

Shamis alicheka mpaka miwani ikaanguka ikaning'inia kwa kamba yake. Akampa majora sita bila dhamana. Siku hiyo dada aliimba tangu Eastleigh mpaka Baba Dogo, na watu barabarani wakatupisha.

Alipofariki alikuwa na majora manne ya Abdiqadir, yaliyochukuliwa mwezi wa tano, ya kulipwa mwezi wa saba, maana siku hizo alikwisha kuaminika na kupewa miezi miwili. Shilingi elfu mbili na mia nne. Mzee alikuja kwenye matanga Jumamosi pamoja na Shamis, akaketi kwenye benchi nje na wanaume. Alipotaka kuondoka alimwita Javan kando, nami nikaitwa.

"Yale majora manne," akasema, "nimeyaacha. Msiyafikirie."

Javan akasema, "Ahsante, mzee. Lakini tafadhali usisamehe."

"Kwa nini?"

"Atakuwa na nusu ya pili, na safari hii hayupo kuitolea ushuhuda."

Mzee akageuza uso. Akasema anatupa muda wote tunaotaka. Nikamwambia muda ni mpaka Alhamisi, maana Ijumaa tunamsafirisha. Kwetu Bungoma, kabla mwili haujashushwa, ndugu mmoja husimama kaburini akauliza mbele ya watu wote ni nani anayemdai marehemu. Jibu lake husikiwa na kijiji kizima.

Jora moja lilikuwa halijakatwa, tukalirudisha. Mengine matatu yalikuwa kaptura na sketi, nyingine zimebaki kutiwa pindo na vifungo. Jumatatu Nduta alibeba zote kwenye kibanda chake bila kuniuliza. Yeye na mafundi wengine wanne walizimaliza kwa siku mbili kwenye cherehani zao, wakaacha pindo refu ndani kama alivyokuwa akiacha, wakaziuza Jumatano na Alhamisi asubuhi. Pesa zilipungua shilingi mia moja na ishirini. Javan akazitoa mfukoni. Saa nane mchana Alhamisi nilikuwa mbele ya daftari. Mzee alihesabu mara mbili kama kawaida yake, akaandika neno moja kwenye ukurasa wa dada, akapuliza wino ukauka. Akanionyesha. Nikaomba ruhusa nikatazama nje kidogo.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri, gari lenye jeneza mbele na basi la kukodi nyuma. Nduta alikuwa ndani yake na mafundi saba wa Gikomba. Tulifika nyumbani jioni, mwili ukalala katika nyumba ya baba, na kina mama wakaimba.

Jumamosi saa sita ibada ilianza uani. Kaka yetu Patrobas, ambaye ndiye mkubwa wa wanaume kwetu, alisimama kando ya kaburi akauliza kama kuna anayemdai marehemu, hapa nyumbani au Nairobi. Alingoja. Akauliza mara ya pili, akimtazama Javan. Javan akasema, "Nairobi hadaiwi." Hakuna aliyesimama. Kisha mwanamke mmoja wa kijiji akasema yeye ndiye anayedaiwa na Nabwire, shilingi hamsini za gauni la ubatizo, akazileta mbele ya watu, Javan akazipokea.

Mchungaji akaomba. Wanaume sita wakashusha jeneza kwa kamba. Javan alitupa udongo kwanza, halafu kaka Patrobas, halafu mimi. Vijana wakafukia kwa majembe wakipokezana, na sisi tukaimba nyimbo mbili mpaka kaburi likajaa. Tukanawa mikono kwenye karai, tukala. Jumapili baada ya ibada Javan na mimi tulirudi Nairobi, kwa sababu alikuwa na zamu ya asubuhi Jumatatu.